Paa la shule ni mali ya umma, lizalishe umeme

Katika shule moja ya sekondari ya kata, kwenye mkoa mmoja wa kanda ya kati, ambayo sitaitaja jina kwa sababu aibu yenyewe si yake peke yake, nilionyeshwa chumba kidogo nyuma ya ofisi ya mkuu wa shule. Ndani yake mlikuwa na betri nane zilizovimba, inveta moja iliyofunikwa na vumbi, na faili. Juu ya paa la maabara paneli za sola zilikuwa nzima, zinang'aa, zikipokea jua la mchana kutwa na kuzalisha umeme usiokuwa na mahali pa kwenda. Paneli zilikuwa hai, betri zilikwisha kufa. Mfadhili aliyezileta alikata utepe, akapiga picha na wanafunzi, akaondoka. Betri zilidumu miaka minne, kama zinavyodumu betri za aina ile kokote duniani, na siku zilipokufa ndipo ilipogundulika kwamba hapakuwa na kasma yoyote, katika kitabu chochote cha halmashauri, iliyozikumbuka.

Nililisoma faili lile. Barua ya kwanza inaomba betri. Ya pili inakumbusha ya kwanza. Jibu la pekee lililomo linaeleza kwamba mradi ule haukuwa wa halmashauri, na kwa hiyo mkuu wa shule anashauriwa awasiliane na mfadhili. Hebu tuyatafakari maneno hayo, ndugu msomaji. Paa ni la umma. Walimu wanalipwa na umma. Watoto ni wa wananchi. Lakini umeme unaotoka juu ya paa hilo hauna mwenyewe, hata unapokufa anatafutwa mtu wa ng'ambo aje kuuzika! Huo ndio umangimeza tunaousema kila siku, na safari hii umewarudisha vijana wa Kidato cha Nne kwenye tochi za simu na koroboi.

Nasema wazi tangu mwanzo, ili nisieleweke vibaya na wale wanaopenda kusoma kichwa cha habari na kuacha kiwiliwili. Sipingi umeme wa jua mashuleni. Kinyume chake, nadai kwamba kila paa la shule ya umma linalofaa lifungwe paneli. Ninachopinga ni kuufanya umeme huo kuwa sadaka. Kazi ya umma ina fungu, ina msimamizi, ina daftari la mali, ina fundi anayejulikana kwa jina, na ina mtu wa kuulizwa inapokwama. Sadaka haina hata kimoja katika hivyo.

Tuna historia ya kutosha ya kujifunza, wala hatuhitaji semina. Mkoa wa Kigoma, kabla haujaunganishwa na gridi ya taifa, uliishi kwa majenereta ya dizeli. Katika mkataba wa msaada wa Marekani ulioanza mwaka 2008 na kumalizika mwaka 2013, ilikusudiwa kwanza kujenga mtambo wa maji katika Mto Malagarasi. Mpango huo ukasitishwa kwa ajili ya viumbe adimu waliomo mtoni, na mahali pake ukaletwa umeme wa jua: makumi ya shule za sekondari, zahanati na vituo vya afya vikafungiwa paneli. Ilikuwa kazi kubwa na ya maana. Mkoani Rukwa nako, Wakala wa Nishati Vijijini, yaani REA, kwa fedha za Benki ya Dunia, uliendesha mpango wa namna hiyo katika vijiji, na hapo lilikuwamo jambo la busara: mkandarasi alifungwa na mkataba wa kuvitunza vifaa kwa miaka kadhaa baada ya kuvifunga, badala ya kufunga na kutoweka. Lakini swali ni lile lile kwa Kigoma, kwa Rukwa na kwa shule yangu isiyo na jina. Mkataba ukiisha, je? Mwaka wa sita nani ananunua betri? Mwenye jibu la swali hilo ndiye mwenye umeme. Asiye nalo ana mapambo juu ya paa.

Na tusijidanganye kwamba jambo lenyewe ni gumu kulikadiria. Paneli nzuri hufanya kazi miaka 25 na zaidi, ikipungua nguvu kidogo kidogo. Betri za risasi na asidi huishi miaka mitatu hadi mitano. Zile za lithiamu huvumilia kiasi cha miaka kumi. Inveta nayo huomba kubadilishwa mara moja au mbili katika uhai wa paneli. Hakuna bahati nasibu hapo. Mhasibu wa halmashauri anayejua kukadiria matairi ya gari la mkurugenzi anaweza kukadiria betri za shule. Matairi yale hayajapata kungoja mfadhili.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana walimu ndio wasomaji wa ukurasa huu, na mwalimu haridhiki na maneno matupu.

Paneli moja ya siku hizi, yenye eneo la takriban mita mbili za mraba, hutoa wati 400 jua linapokuwa kali. Paneli 25 ni kilowati kumi, nazo zinahitaji mita 50 za mraba. Jengo la madarasa manne katika shule zetu lina urefu wa mita 30 na ushei; upande mmoja tu wa paa lake unatosha kwa paneli hizo na nafasi kubaki. Nchi yetu iko karibu na ikweta, hivyo hata upande wa pili wa paa haupotezi sana. Tukadirie kwa tahadhari, tukikumbuka mawingu ya masika na vumbi la kiangazi, kwamba kila kilowati itatupatia uniti nne kwa siku. Kilowati kumi zitatoa uniti 40.

Shule inazihitaji ngapi? Madarasa manane, kila moja na taa sita za wati kumi, kwa saa nne za masomo ya usiku: uniti mbili, basi. Kompyuta ishirini kwa saa sita: uniti sita. Pampu ya maji ya nguvu-farasi moja kwa saa nne: uniti tatu. Ongeza maabara, ofisi ya walimu na mashine ya kutoa nakala, uniti tatu nyingine. Jumla ni 14. Zinabaki uniti 26 kila siku, achilia mbali Jumamosi, Jumapili na miezi ya likizo ambapo jua haliendi likizo.

Mashine hiyo ya kutoa nakala nimeitaja kwa makusudi. Mwalimu yeyote wa kijijini anajua safari ya kupeleka mtihani mjini: nauli ya basi, siku nzima kupotea, malipo kwa kila ukurasa, na mtihani wenyewe kulala katika duka la mtu asiyekula kiapo chochote. Baadaye tunashangaa umevuja!

Kuna jambo jingine ambalo sijalisikia likisemwa vya kutosha. Nyumba ya mtu hutaka umeme usiku, wakati jua limekwisha zama; kwa hiyo sola ya nyumbani haina budi kubeba mzigo wa betri. Shule hufanya kazi kubwa mchana. Kengele ya kwanza inagongwa jua likichomoza, na saa ambazo paneli zinatoa umeme mwingi kabisa ndizo saa ambazo maabara, kompyuta na pampu zinafanya kazi. Umeme unaotumika papo hapo hauhitaji betri. Betri za shule zinaweza kuwa chache, za taa za usiku tu, na gharama ya kuzibadilisha ikawa ndogo. Hakuna jengo jingine la umma, ukiacha ofisi, linalolingana na jua kwa ratiba namna hii. Nasi tuna shule karibu kila kijiji, zenye mapaa ambayo mpaka leo kazi yake ni kuzuia mvua, na nyingine hata hiyo haziifanyi vizuri.

Najua jibu linaloandaliwa maofisini. Litasema: kwa nini tuhangaike na vipaneli ilhali taifa limejenga Bwawa la Mwalimu Nyerere pale Rufiji, lenye megawati 2,115, ambalo mtambo wake wa kwanza ulianza kuzalisha Februari 2024? Litaongeza kwamba vijiji 12,318 vya Tanzania Bara vimekuwa shabaha ya nguzo za REA, na kwamba kazi sasa imehamia vitongojini. Hayo ni mafanikio, na anayeyabeza anabeza jasho la wananchi. Lakini hoja haikutoka hapo.

Kwanza, kijiji kufikiwa si sawa na shule kuwaka. Nguzo hufika kituo cha kijiji, penye maduka na mashine ya kusaga. Shule zetu, kwa kuwa zilipewa eneo kubwa la viwanja na mashamba, mara nyingi ziko pembezoni, kilomita moja au mbili kutoka nguzo ya mwisho. Katika takwimu kijiji kina umeme. Katika darasa hamna.

Pili, hata shule iliyounganishwa hukaa gizani, kwa sababu LUKU haili hotuba. Bei iliyotangazwa mwaka 2016 kwa matumizi ya kawaida ilikuwa shilingi 292 kwa uniti kabla ya kodi. Sasa itazame ruzuku ya uendeshaji, ile walimu waiitayo kapitesheni, ambayo kiwango chake tangu enzi za mipango ya MMEM na MMES kiliwekwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi na 25,000 kwa wa sekondari kwa mwaka. Na si yote inayofika katika akaunti ya shule, maana sehemu hutengwa kwa vitabu. Kwa fedha hiyo mkuu wa shule anunue chaki, karatasi, dawa za maabara, atengeneze madawati, kisha anunue uniti. Uniti zikiisha tarehe 18, shule inangoja mwezi mwandamo. Ile shule ya kilowati kumi niliyoikadiria inazalisha zaidi ya uniti 14,000 kwa mwaka. Kwa bei niliyoitaja ni zaidi ya shilingi milioni nne. Kwa shule ya wanafunzi 400, ambao ruzuku yao kamili ni milioni kumi, je, hilo ni jambo dogo?

Tatu, taifa hili limeonja mgao wa umeme mwaka 2006, mwaka 2011, na tena mwaka 2022 na 2023 mvua zilipoadimika. Mtu aliyekaa gizani katika miaka hiyo hawezi kuniambia kwamba ni busara kutegemea maji peke yake. Kila uniti inayotoka juu ya paa mchana ni maji yaliyobaki bwawani kwa ajili ya jioni. Bwawa na paa ni ndugu, na anayewagombanisha anatafuta kisingizio cha kutofanya kazi.

Hapa niseme ukweli mmoja wa kiufundi ambao wauzaji huuficha. Sola ya kawaida iliyounganishwa na gridi hujizima gridi inapozimika, kwa usalama wa mafundi walio kwenye nyaya. Halmashauri itakayonunua inveta ya bei ya chini bila kuuliza itajikuta na paneli juani na giza darasani siku umeme wa TANESCO unapokatika. Inatakiwa inveta ya aina inayoweza kufanya kazi na gridi na bila gridi, yenye betri kidogo. Mtu wa manunuzi asiyejua hilo aulize kabla ya kutia sahihi, asiulize baada ya kukaguliwa.

Zile uniti 26 zinazobaki je? Hapa ndipo ninapotaka kugombana kidogo na wakubwa. EWURA ilitoa mwaka 2018 kanuni zinazomruhusu mteja mwenye mtambo mdogo wa nishati jadidifu kuingiza ziada yake katika gridi na kuhesabiwa dhidi ya umeme anaoutumia. Sheria ipo. Lakini ni shule ngapi za umma zimeambiwa kwamba kanuni hizo zinazihusu? Mkuu wa shule hajaziona. Afisa elimu anadhani ni za wenye viwanda. Kanuni inakaa kabatini kama nguo ya sikukuu. Na hata shule ikifanikiwa, lazima tukubaliane mapema kwamba faida ibaki shuleni. Tukianza kusema ipelekwe kwanza mfuko mkuu, kisha irudishwe kwa utaratibu, basi tumekwisha uua mradi. Hakuna mwalimu atakayepandisha mwanafunzi kuosha paneli ili faida iende kununua mafuta ya gari la mtu mwingine. Penye shule isiyo na gridi, ziada iende nyumba za walimu na zahanati ya jirani. Mwalimu kijana anayepangiwa kijijini hatoroki kwa kuwa hana uzalendo. Mara nyingi anatoroka saa moja jioni, giza linapoingia na madaftari 90 yakiwa hayajasahihishwa.

Wapo pia wajanja wanaoanza kunukia harufu ya mapaa haya. Watakuja na mikataba minono: tupeni paa, tutafunga wenyewe, nanyi mtatulipa kwa uniti kwa miaka ishirini. Sisemi kila mwekezaji ni kupe. Nasema mkataba wa miaka ishirini juu ya paa la shule ya umma si jambo la mkuu wa shule na mjumbe mmoja wa bodi kulimaliza kwa soda mbili. Upelekwe kwa wanasheria wa Serikali, uniti isizidi bei ya TANESCO, na siku mkataba unapoisha vifaa viwe mali ya shule vikiwa bado vinafanya kazi. Asiyekubali masharti hayo aende akafunge paa la baba yake.

Kuhusu wizi, ambao kila mkutano huutaja kana kwamba ni tauni, nitasema machache. Paneli huibiwa pale ambapo wanakijiji hawapati chochote kutoka kwazo. Pampu ya shule ikiwapa maji na simu zao zikachajiwa pale kwa malipo madogo, mwizi atakamatwa kabla hajashuka ngazi.

Mafundi? Hiki ndicho kisingizio kinachonikera zaidi. Pale Kinyasini, Unguja, kuna kituo kinachofundisha akina mama wa vijijini, wengine wasiokwenda mbali na shule, kufunga na kutengeneza umeme wa jua. Wa kwanza katika mpango huo walikwenda kusomea Tilonia, nchini India, na kutoka Bara pia walikwenda akina mama wa Lindi na Mtwara. Kama bibi mwenye wajukuu ameweza kujifunza kuunganisha kidhibiti chaji, itakuwaje mwalimu wa fizikia mwenye shahada ashindwe? Tena sera ya elimu, toleo la 2023, imeleta mkondo wa amali katika sekondari, ulioanza kutekelezwa mwaka 2024. Basi mtambo wa shule uwe karakana yenyewe. Kijana apime volti za betri kila Ijumaa na kuziandika daftarini, aoshe vumbi, ajue kwa nini tawi moja la mwarobaini likitupa kivuli kwenye paneli moja linaweza kuidhoofisha safu nzima, kisha apande akalikate. Hiyo ni fizikia ambayo haisahauliki baada ya mtihani.

Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaka shule iwe mahali pa kuzalisha pamoja na kujifunza. Tulianzisha mashamba. Baadhi yake yalilisha shule, mengine yaligeuka kuwa adhabu ya wachelewaji, na tukalaumu falsafa badala ya kulaumu usimamizi. Leo shamba jingine liko juu ya vichwa vyetu. Halihitaji mbolea wala mvua, na tunataka kulitendea vile vile.

Na asiniambie mtu kwamba sisi ni maskini mno. Kuba, iliyopoteza mafuta ya Urusi ya Kisovieti baada ya mwaka 1991 na kubanwa na vikwazo vya Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilifunga umeme wa jua katika shule zaidi ya 2,000 za milimani na vijijini, zikiwamo zenye mwanafunzi mmoja. Wakati ule paneli ilikuwa ghali kupindukia. Kati ya mwaka 2010 na 2020 bei yake duniani ilianguka kwa takriban asilimia 90. Kilichowapa Wakuba nguvu wakati wa bei kubwa ni kwamba dola yao iliihesabu kazi ile kuwa yake. Sisi tunashindwa wakati wa bei ndogo.

Kwa hiyo, katika vikao vya bajeti vya halmashauri, ninadai yafuatayo yaingie kwa maandishi. Mtambo wowote wa jua uliopo shuleni, awe ameuleta nani, uandikwe katika daftari la mali za halmashauri. Kila mwaka itengwe kasma ya betri na inveta, sehemu kwa sehemu, ili mwaka wa tano fedha iwe ipo. Mhandisi wa halmashauri akague mbao za paa kabla ya kitu chochote kupandishwa, kwa kuwa paneli moja hufikia kilo 20 na ushei, na mchwa wa mikoa yetu hawasomi mikataba. Na hakuna msaada upokelewe usiokuwa na makubaliano ya nani atautunza.

Nanyi wakuu wa shule msikae mkinipigia makofi. Ile shule niliyoianza nayo ilikuwa na wanafunzi mia kadhaa, kamati ya wazazi na mwalimu wa fizikia. Kwa miaka miwili umeme wa mchana ungeweza kutumika bila betri hata moja, kwa kubadilisha inveta na nyaya chache tu, ukaendesha pampu na kompyuta. Hakuna aliyeuliza. Barua ziliandikwa vizuri sana, kwa kumbukumbu namba na nakala kwa wahusika wote, na paneli zikaachwa kwa kunguru.